Abdus Salam: Kijana wa mashambani aliyekataa fizikia iwe mali ya Ulaya

SIKU matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, Bomet haikaliki. Kuanzia Silibwet hadi Longisa, kuanzia Sotik hadi Mogogosiek, utasikia nyimbo na vigelegele. Kijana aliyeng'aa anabebwa juu mabegani, mamake anafuta machozi kwa leso, na majirani wanaacha majani chai yao shambani kwanza ili wacheze.

Sherehe ikiisha hubaki swali moja tu: sasa huyu aende wapi?

Akisema anataka udaktari, wazee wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Akisema uanasheria, sawa pia. Lakini hebu ajaribu kusema anataka kupiga hesabu za vitu vilivyo ndani ya kiini cha atomu. Kimya kitatanda. Kuna atakayeuliza kazi hiyo inalipa nini. Mwingine atasema, kwa upole kabisa, kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, si ya watu wa majani chai.

Kama wewe ndiye kijana huyo, kuna mtu unayefaa kumjua. Alifariki mwaka 1996. Hakuwa Mkenya, lakini alizaliwa katika mazingira ambayo mtoto yeyote wa mkulima Bomet angeyatambua haraka. Jina lake ni Abdus Salam.

Umeme unakaa Lahore

Salam alizaliwa Januari 29, 1926, katika jimbo la Punjab, wakati huo likiwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Alilelewa Jhang, mji mdogo wa wakulima ambao leo uko Pakistan. Babake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu, mtu wa mshahara mdogo aliyeamini kwamba kitabu ndicho shamba lisiloisha rutuba.

Jhang haikuwa na umeme. Salam alisomea kwa taa ya mafuta, na taa ya umeme aliiona kwa mara ya kwanza alipokwenda Lahore, mji mkuu wa jimbo.

Alipenda sana kusimulia kuhusu mwalimu wake mmoja wa shule. Mwalimu huyo aliwafundisha kwamba ipo nguvu ya uvutano, inayofanya vitu vianguke. Kila mtu anaijua. Ipo pia nguvu ya sumaku, akawaonyesha sumaku. Kisha akataja umeme, akawaambia huo haukai Jhang, unakaa Lahore. Mwisho akataja nguvu ya kiini cha atomu. Hiyo, akawaeleza, inapatikana Ulaya tu, kwa hivyo wasijisumbue nayo.

Inachekesha, sivyo? Nguvu inayoshikilia viini vya atomu za mwili wako haina makao Ulaya. Imo ndani ya jani la chai la Kapkoros sawa na ilivyo ndani ya mnara wa London. Ila mwalimu hakuwa mjinga. Bila kujua, alikuwa akieleza ukweli mwingine: nguvu yenyewe ilikuwa kila mahali, ila ruhusa ya kuifikiria ilikuwa Ulaya.

Maisha yote ya Salam yalikuwa ugomvi na sentensi hiyo ya mwalimu.

Alama zilizotikisa mji

Mwaka 1940, akiwa na miaka 14, Salam alifanya mtihani wa kujiunga na Chuo Kikuu cha Punjab akapata alama za juu kuliko zote zilizowahi kupatikana hadi wakati huo. Alirudi mjini kwa baiskeli, na watu wa Jhang wakajipanga barabarani kumshangilia. Mtu wa Bomet hahitaji kuelezwa picha hiyo.

Akaenda Lahore kusoma hisabati. Mwaka 1943, akiwa angali mwanafunzi, alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu swali lililoachwa na Ramanujan, yule gwiji wa hesabu kutoka India Kusini. Shahada ya uzamili aliipata mwaka 1946.

Hapo bahati ikaingia. Kulikuwa na fedha zilizochangwa jimboni kusaidia Vita vya Pili vya Dunia. Vita vikaisha fedha zikabaki, na serikali ya jimbo ikaamua zitumike kuwasomesha ng'ambo watoto wa wakulima wadogo. Salam alipata nafasi na akasafiri mwaka huohuo. Mwaka uliofuata India iligawanywa, Pakistan ikazaliwa, na mpango wote ukafa. Laiti angechelewa mwaka mmoja tu, huenda dunia isingelijua jina lake.

Alishuka Liverpool akitetemeka kwa baridi. Mzee mmoja kutoka kwao, mwanasiasa mashuhuri Zafrullah Khan, aliyekuwa bandarini kumpokea jamaa yake, alimvua huruma kijana huyo asiye na koti akampa lake. Ndivyo mtoto wa Jhang alivyoingia Cambridge.

Mesoni na makato ya bonasi

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa jina. Usiogope, tutaenda polepole.

Kiini cha atomu kina protoni na nyutroni zilizobanana sana. Protoni zina chaji ya aina moja, kwa hivyo zinapaswa kusukumana na kutawanyika. Mbona hazitawanyiki? Mwaka 1935, Hideki Yukawa, kijana wa Japani ambaye wakati huo alikuwa hajawahi kukanyaga nchi ya kigeni, alitoa jibu: protoni na nyutroni hurushiana chembe fulani, mithili ya watoto wanaorushiana mpira, na kurushiana huko ndiko kunakozishika pamoja. Chembe hizo zikaitwa mesoni. Mwaka 1947, kundi la Cecil Powell huko Bristol, Uingereza, likaiona mesoni ya Yukawa katika filamu zilizopigwa na miale kutoka angani. Leo tunaiita pioni.

Kuiona ni jambo moja. Kuipigia hesabu ni jambo lingine.

Wanafizikia hupiga hesabu za namna hii kwa hatua. Fikiria karani kwenye kituo cha kupokea majani chai. Kwanza anasoma mizani. Kisha anatoa uzito wa gunia. Kisha anakadiria maji ya umande yaliyoganda kwenye majani. Kila sahihisho ni dogo kuliko lililotangulia, na jibu linazidi kukaribia ukweli. Shida ni kwamba katika hesabu za mesoni, ukifika sahihisho la pili, jibu linakuwa kubwa bila kikomo. Ni kama karani anayetoa uzito wa gunia halafu mizani ianze kuonyesha kilo zisizohesabika. Upuuzi mtupu.

Kulikuwa na mbinu ya kuziondoa zile namba zisizo na mwisho, moja baada ya nyingine. Mbinu hiyo ilifanya kazi vizuri kwa elektroni na mwanga. Kwa mesoni, mtafiti wa Cambridge aitwaye Paul Matthews alikuwa ameonyesha kwamba inafaa kwa hesabu nyepesi. Iliyobaki ilikuwa ile ngumu, ambapo namba mbili zisizo na mwisho zinaingiliana.

Mkulima yeyote anaweza kulielewa tatizo hilo akiangalia karatasi yake ya bonasi. Tuseme kuna makato mawili, na kila kato linahesabiwa kutoka kwa kiasi kinachobaki baada ya lile jingine. Utaanza na lipi? Ukianza na hili, unahitaji lile. Ukianza na lile, unahitaji hili. Umenaswa.

Mwaka 1950, Matthews alimpa Salam tatizo hilo kwa muda wa miezi michache tu. Asipoweza, angelichukua tena mwenyewe. Salam alimpigia simu Freeman Dyson, mtu aliyedhaniwa kuwa na jibu, akamkuta yuko mbioni kuondoka kwenda Marekani. Akapanda treni hadi Birmingham siku hiyohiyo kumuwahi. Dyson akamfungulia moyo: hakuwa na uthibitisho, alikuwa na kisio tu. Salam akarudi, akajifungia, akaufungua mshono huo. Alionyesha jinsi ya kuyatenganisha makato yaliyoingiliana, hatua yoyote utakayofika.

Kazi ya shahada ya uzamifu alikuwa ameimaliza kwa miezi kadhaa. Kanuni za chuo zilitaka akae miaka mitatu, kwa hivyo ilibidi aingoje karatasi yenyewe. Jina lake tayari lilikuwa likitajwa Princeton.

Profesa wa mpira wa miguu

Wengi wangebaki huko. Salam alirudi nyumbani mwaka 1951, akiwa na miaka 25, kuwa profesa wa hisabati Lahore.

Hapo ndipo hadithi inapouma.

Hakukuwa na majarida mapya ya kisayansi. Hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye kuhusu mesoni. Mkubwa wake alimweleza kwamba utafiti aliofanya Cambridge ni vizuri ausahau, kisha akampa nafasi ya kuchagua kazi ya ziada kati ya tatu: msimamizi wa bweni, mtunza hesabu za fedha, au mkuu wa timu ya mpira wa miguu. Salam akachagua mpira. Angalau huko kulikuwa na hewa safi.

Siku moja alisikia kwamba Wolfgang Pauli, mmoja wa wanafizikia wakali zaidi duniani, yuko Bombay na anataka kumwona. Akapanda ndege akaenda. Alikuwa na njaa ya mazungumzo kama mtu aliyefunga siku nyingi. Aliporudi alikemewa kwa kuondoka bila ruhusa.

Katika mwaka wa 1953 Lahore ilitikiswa na ghasia dhidi ya jamii ya Ahmadiyya, ambayo Salam alikuwa mmoja wao. Mwaka 1954 akafunga virago, akarudi Cambridge kufundisha. Mwaka 1957 akawa profesa Imperial College, London, akiwa na miaka 31.

Kwa macho ya wengi huo ulikuwa ushindi. Kwake ulikuwa kidonda. Alikuwa amelazimika kuchagua kati ya nchi yake na kazi yake, na alijua fika kwamba alikimbia kwa sababu upweke ungemuua kama mwanasayansi. Akajiuliza: je, kila kijana mwenye kipaji kutoka nchi maskini lazima afanywe mkimbizi ili afikiri?

Si kwamba Uingereza ilimpa kila kitu. Mwaka 1956 alipata wazo kuhusu chembe iitwayo nyutrino, wazo lililosema maumbile yanaweza kutofautisha kushoto na kulia. Akampelekea Pauli. Pauli akamjibu kwa kejeli kwamba atafute jambo la maana zaidi la kufikiria. Salam akasita kulichapisha. Mwaka uliofuata, Lee na Yang, Wachina wawili waliokuwa Marekani, walitunukiwa Nobel kwa jambo la ukoo huohuo. Tangu hapo, Salam hakusubiri tena baraka za wakubwa.

Gari la kifahari na mkokoteni

Mwaka 1960 alisimama mbele ya mkutano wa shirika la kimataifa la nishati ya atomu akapendekeza kituo cha fizikia cha dunia nzima, ambapo wanasayansi wa nchi maskini wangekuja kila mara, wakae wiki au miezi, kisha warudi makwao.

Wawakilishi wa nchi tajiri walimcheka. Mmoja alidai kwamba fizikia ya nadharia ni gari la kifahari, aina ya Rolls-Royce, ilhali nchi maskini zinahitaji mkokoteni wa ng'ombe. Umeshawahi kusikia maneno ya namna hiyo? Mtoto wa mashambani asome ufundi tu, hayo mengine ni ya wenyewe.

Salam hakuwa na kinyongo na mkokoteni. Alichokataa ni mtu mwingine kumchagulia. Alibishana miaka 4, na Oktoba 1964 kituo kikafunguliwa Trieste, mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Italia. Yeye ndiye aliyekiongoza kwa takriban miaka 30, akiruka kila mara kati ya Trieste na London.

Kilichokuwa kipya ni mpango wake wa wanachama washiriki. Mwanafizikia wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala angeweza kuja Trieste mara kadhaa katika kipindi cha miaka michache, akalipiwa nauli na malazi, akasoma, akabishana, akashiba, kisha akarudi kufundisha nyumbani. Kwa maneno mengine, Salam aliwajengea wengine mlango ambao yeye mwenyewe aliukosa Lahore.

Wakati huohuo hakuacha hesabu. Alionyesha, kama Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwamba nguvu ya sumaku na umeme na ile nguvu dhaifu inayosababisha aina fulani ya mnunurisho ni sura mbili za kitu kimoja. Mwaka 1979 wote watatu walipewa Nobel. Salam alipanda jukwaani Stockholm akiwa amevaa kilemba na viatu vilivyopinda ncha vya kwao Punjab.

Mgao wake wa zawadi aliutumia kuwainua vijana wanasayansi. Na mwaka 1981 alisafiri hadi Calcutta, India, kumtafuta mwalimu wake wa zamani wa hisabati, Anilendra Ganguly, Mhindu aliyehama Lahore nchi ilipogawanywa. Mzee alikuwa mgonjwa kitandani. Salam akamkabidhi ile medali mikononi, kumwonyesha kwamba ni yake pia.

Mesoni zarudi

Je, zile hesabu za mesoni ziliishia wapi? Kisa chake ni kitamu.

Salam alikuwa ameondoa namba zisizo na mwisho, lakini kulibaki kikwazo. Nguvu ya kiini ni kali mno, kiasi kwamba masahihisho hayapungui hatua kwa hatua. Uzito wa gunia unazidi uzito wa majani. Kwa zaidi ya miaka 20 wengi walikata tamaa na njia hiyo.

Kisha ikagunduliwa kwamba pioni si chembe kamili. Ndani yake mna kwaki na mwenzake kinyume, zikishikwa na gluoni. Mwaka 1973, David Gross, Frank Wilczek na David Politzer wakaonyesha jambo la ajabu: kwaki zikikaribiana sana, nguvu kati yao inalegea. Ikilegea, masahihisho yanapungua tena. Ile hesabu ya hatua kwa hatua ikafufuka, safari hii ikihusu kwaki.

Miaka michache baadaye watafiti wa Marekani na wa Urusi wakaitumia kukadiria kigezo cha umbo cha pioni. Ni nini hicho? Kumbuka mbio za siku ya michezo shuleni, watoto wawili wamefungwa mguu kwa mguu. Msukume mmoja kidogo, wote wawili watayumba lakini wataendelea pamoja. Msukume kwa nguvu: hawatabaki pamoja isipokuwa kamba ipeleke sehemu ya msukumo kwa mwenzake haraka sana. Kadiri unavyosukuma zaidi ndivyo inavyozidi kuwa nadra wao kubaki wamoja.

Pioni ni watoto hao wawili, gluoni ndiyo kamba, na elektroni ndiyo inayosukuma. Kigezo cha umbo kinakueleza uwezekano wa pioni kubaki nzima, na kwa njia hiyo unajua ndani yake kumepangwaje, ingawa nusu kipenyo chake ni chini ya milimita moja iliyogawanywa mara trilioni. Hesabu inasema kwamba msukumo ukiwa mkubwa sana, kigezo hicho kinashuka kwa mpangilio maalumu. Mpaka leo, maabara ya Jefferson huko Virginia, Marekani, inaendelea kupima kuona ni wapi hasa hesabu hiyo inaanza kutawala.

Angalia vifaa vya anayepiga hesabu hiyo: kalamu, karatasi, kompyuta, na mtu wa kubishana naye. Mashine kubwa iko Virginia. Hesabu inaweza kufanyiwa Bomet.

Jina lililofutwa

Nchi yake haikumrudishia upendo kwa kiasi alichoutoa. Mwaka 1974 bunge la Pakistan lilibadilisha katiba na kutangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Salam alijiuzulu kazi ya mshauri mkuu wa sayansi wa serikali, lakini uraia wa Pakistan hakuuacha kamwe.

Miaka ya mwisho alishikwa na ugonjwa wa ubongo uliomnyang'anya mwendo na sauti. Alifariki Oxford, Novemba 21, 1996, akiwa na miaka 70, akazikwa Rabwah, Pakistan. Jiwe la kaburi lilimtaja kuwa Mwislamu wa kwanza kupata Nobel ya sayansi. Baadaye, kwa amri ya wakuu wa eneo hilo, neno Mwislamu likafutwa, na sentensi ikabaki na pengo.

Ila mlango aliojenga haukufutika. Kituo cha Trieste kilipewa jina lake mwaka 1997, na wanasayansi zaidi ya 100,000 wamepita humo. Akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, aliyoianzisha mwaka 1983, ndiyo iliyowakutanisha Waafrika waliounda Akademia ya Sayansi ya Afrika mwaka 1985. Rais wake wa kwanza alikuwa Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo, na makao yake yako Nairobi.

Na mwaka 2018, kituo cha Trieste na Chuo Kikuu cha Rwanda walifungua Kigali taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa sayansi za msingi. Mtu anasomea hapo uzamili na uzamifu, ikiwemo fizikia ya chembe ndogo kabisa. Kutoka Bomet hadi Kigali huhitaji meli wala koti la kuazima. Ni safari ya basi, kupitia Kampala.

Kwa hivyo matokeo yakitoka mwaka huu, na kijana fulani wa Konoin au Chepalungu aseme anataka kuhesabu mesoni, asiambiwe kwamba nguvu hiyo inakaa Ulaya. Kuna mtu aliyetumia maisha yake yote kumwonyesha mwalimu wake kwamba haikai huko.